Kauri za piezo na moto usioonekana: maswali ninayoulizwa kila mara

Nina meza ya ufundi nyuma ya soko la Darajani, Unguja, na Jumamosi jioni hukaa na vijana wachache wanaosoma umeme Mbweni na Tunguu. Wavuvi huniletea mashine za kuonea samaki. Kliniki za meno huniletea vishikio vinavyotetema kuondoa ukoga, na mafundi simu huniletea visinia vyao vya kuoshea bodi. Vyote hivyo ndani yake mna kauri ya piezo, na karibu vyote huharibika kwa sababu moja: nishati iliyotakiwa kufanya kazi imegeuka joto. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa ili mtu asome kabla hajapiga simu.

Kauri ya piezo ni kitu gani hasa?

Ni kigae. Ukikibana kinatoa umeme, ukikipa umeme kinajinyoosha au kujikunja kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha tabia hii mwaka 1880 kwenye fuwele za asili, kwartzi ikiwa mojawapo. Vigae tunavyovitumia leo si vya asili. Vingi ni PZT, yaani mchanganyiko wa oksidi za risasi, zirkoni na titani unaosagwa, unaoshindiliwa na kuchomwa kwenye joto linalopita digrii 1200. Nguvu yake ya piezo ilitangazwa Marekani mwaka 1954. Siri yake ni kipimo: zirkoni na titani zikikaribia nusu kwa nusu, kiasi cha 52 kwa 48, kauri huwa haijui ikae umbo gani, na kwa sababu hiyo husukumika kwa wepesi.

Kikishachomwa bado si piezo. Hupakwa fedha pande mbili, hutumbukizwa kwenye mafuta ya moto na kupigwa umeme wa volti elfu mbili hadi tatu kwa kila milimita ya unene. Hapo ndipo hupata upande wa chanya na upande wa hasi. Jambo hili litarudi mbele.

Fundi, kitu hakina gurudumu wala beringi. Nishati inapotelea wapi?

Umewahi kukoroga halwa? Ukisukuma mwiko, halwa inakuja, lakini inakuja kwa kuchelewa. Ukigeuza mkono, yenyewe bado inakwenda kule ilikokuwa inakwenda. Kuchelewa huko ndiko kunakokuchosha mkono, na nguvu ya mkono wako haikupotea hewani, imeingia ndani ya halwa ikawa joto.

Ndani ya kauri halwa yake ni mipaka ya mitaa. Kila punje ya PZT imegawika vipande vidogo ambavyo chaji zake zimeelekea upande mmoja. Wataalamu huviita vikoa. Mimi naviita mitaa, maana ni kama Ng'ambo, kila mtaa na kibla chake cha biashara. Ukitia umeme, mtaa ulioelekea sawa na umeme hupanuka na jirani yake hupungua. Mpaka kati yao ndio unaohama. Unahama kwa kukwaruzana, kwa kukwama na kuchomoka, na kila safari unaacha joto kidogo. Kisinia cha kilohezi 40 huufanya mpaka huo uende na kurudi mara 40,000 kwa sekunde.

Mipaka si sababu pekee. Ipo pia chaji inayovuja polepole kupitia kauri yenyewe, na upo msuguano kwenye mipaka ya punje. Lakini kwenye PZT inayofanya kazi, mkosaji mkubwa ni mipaka ya mitaa, na ndiye anayeshughulikiwa na viungo nitakavyovieleza mbele.

Nasikia upotevu uko wa aina tatu. Ni kweli au ni madoido ya wasomi?

Ni kweli. Wa kwanza ni wa umeme: chaji inachelewa nyuma ya volti. Hupimwa kwa namba inayoitwa tan delta, na mita nyingi huiandika D. Wa pili ni wa kimakanika: mwili wa kauri unachelewa nyuma ya nguvu inayousukuma. Huu husomwa kinyumenyume kwa namba ya Q, kwa maana Q ikiwa kubwa upotevu ni mdogo. Wa tatu ni wa piezo wenyewe, kuchelewa kunakotokea pale umeme unapogeuka kuwa mwendo. Miaka mingi huu wa tatu watu waliuruka kwenye hesabu zao kwa kudhani ni mdogo. Nitaueleza kwenye swali la antiresonansi, maana huko ndiko unakojionyesha.

"Kutia kiungo" kwenye kauri ni nini?

Sisi watu wa visiwa vya viungo hatuna haja ya kuelezwa sana. Pilau ni mchele na nyama, lakini mdalasini kidogo na hiliki ndizo zinazoamua litanukia vipi. PZT nayo hutiwa atomi za kigeni kwa kiasi kidogo, mara nyingi asilimia moja au mbili hivi, na tabia yake yote hubadilika.

Tuanze na chuma. Titani na zirkoni zinakaa mahali pao zikiwa na chaji nne. Chuma kikikaa mahali hapo kinakuja na chaji tatu tu. Hesabu haikamiliki, na kauri hailali na deni: kwa kila atomi mbili za chuma, oksijeni moja hutolewa. Panabaki pengo, kama pengo la jino. Chuma na pengo lake hukaa jirani na kuwa jozi yenye upande chanya na upande hasi. Jozi hizi zikiachwa, taratibu hujigeuza na kufuata mwelekeo wa mtaa zilimo. Zikishatulia, mtaa ule hauhami tena kwa urahisi. Tazama mashua za Mkokotoni maji yakiwa yamejaa: zimetia nanga, upepo unazitingisha lakini haziondoki. Jozi ndizo nanga. Mipaka inatikisika kidogo kisha inarudi palepale, msuguano unapungua, joto linapungua. Kauri ya namna hii huitwa ngumu. Manganizi hufanya kazi hiyohiyo, na kwa watengenezaji wengi ndiyo kiungo cha kazi nzito. Potasi na sodiamu zikikaa mahali pa risasi huelekea hukohuko.

Sasa niobi. Yenyewe ina chaji tano, moja zaidi ya titani. Hapa hesabu inazidi badala ya kupungua, na kauri inajirekebisha kwa kuacha mapengo ya risasi: niobi mbili, pengo moja la risasi. Mapengo ya oksijeni, yaliyokuwa yakitengeneza nanga, yanakuwa machache mno. Mipaka inabaki huru, inakwenda mbali kwa umeme mdogo. Lanthani, ikikaa mahali pa risasi, inaleta matokeo hayohayo. Kauri ya namna hii huitwa laini, ingawa ukiidondosha sakafuni inavunjika sawasawa na ile ngumu. Ulaini wake ni wa umeme.

Kwa hiyo huwezi kuwa na vyote. Ukiitaka kauri iitikie kwa nguvu, mipaka yake lazima itembee, na ikitembea itakwaruzana. Watengenezaji wapo wanaotia viungo vya pande zote mbili katika chungu kimoja, na hupata kitu kizuri cha katikati, lakini bei ya mwendo haifutiki.

Tofauti ya ngumu na laini ni kubwa kiasi gani kwa namba?

Kubwa. Majina ya zamani ya kibiashara bado yanatumika kama vipimo, kwa hiyo nitayatumia. PZT-5H, ambayo ni laini, hutoa chaji ya kiasi cha pikokulombi 593 kwa kila nyutoni ya nguvu inayoibana, tan delta yake ni kama 0.02 na Q yake ni kama 65. PZT-4, ambayo ni ngumu, hutoa 289 hivi, tan delta 0.004, Q 500. PZT-8 ni ngumu zaidi: mwitikio wake uko chini, kama 225, lakini Q inafika 1000. Katikati ya kundi la laini kuna PZT-5A, yenye 374 na Q ya 75, na yenyewe inavumilia joto kuliko 5H.

Hizi ni namba za kawaida za vitabuni. Kigae mkononi mwako kitatofautiana nazo kwa asilimia kadhaa, na kama ni cha bei ya kutupa, kwa zaidi ya hapo.

Basi si ninunue yenye namba kubwa ya pikokulombi? Ndiyo yenye nguvu.

Nilifikiri hivyohivyo, na nikaaibika.

Miaka ya nyuma kliniki moja iliniletea kishikio cha kusafishia meno kilichopasuka pete za kauri. Kishikio hicho kina pete kadhaa zilizopangwa kama sarafu na kubanwa kwa bolti katikati, na kinatetema karibu na kilohezi 30. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alikuwa na pete za kipimo kilekile za aina mbili. Nikaona moja ina karibu 600 na nyingine haifiki 300. Nikachukua ya 600, tena nikajiona mjanja.

Nilipoiwasha mara ya kwanza ilipendeza. Ukiweka tone la maji kwenye ncha, linaruka kuwa ukungu, ndicho kipimo changu cha mezani. Dakika ya pili ukungu ukawa mzito, ukawa matone. Dakika ya nne niligusa kiwiliwili nikaondoa kidole. Ya sita kukawa na harufu ya gundi, ncha ikanyamaza kabisa. Nilipofungua, pete zilikuwa nzima kwa macho, hazina ufa. Nikazipima: kapasitansi, yaani uwezo wa kuweka chaji, ipo, piezo hakuna. Zilikuwa zimejipika zenyewe hadi zikapoteza upande wa chanya na wa hasi, zikarudi kuwa vigae vya kawaida. Pete za laini, nilizozisukuma kwenye resonansi, yaani masafa ambayo kauri hutetema kwa wepesi zaidi, kwa volti za kazi ya ngumu.

Nikaagiza zile za 289. Kishikio kilirudi kliniki, na kila kinapoletwa kwangu siku hizi huwa ni kwa sababu ya waya.

Kama laini inapata moto hivyo, kwa nini bado inauzwa?

Kwa sababu kuna kazi ambazo upotevu ni faida, na wavuvi ndio mashahidi wangu.

Mashine ya kuonea samaki hupiga mlio mfupi majini, halafu hunyamaza na kusikiliza mwangwi. Sauti baharini hukimbia kama mita 1500 kwa sekunde. Kauri ikiendelea kulia baada ya kupigwa, kama kengele isiyonyamaza, haiwezi kusikia mwangwi wa karibu. Inalia kwa muda gani? Chukua Q, igawe kwa masafa mara pai. Kwenye kilohezi 50, kauri ya Q 1000 inachukua milisekunde 6.4 kwa mtetemo kushuka hadi kama theluthi moja. Katika muda huo sauti imekwenda na kurudi umbali wa mita 4.8. Kauri ya Q 65 inachukua milisekunde 0.4 tu, sawa na sentimita 31.

Mvuvi wa dagaa aliyewasha taa usiku anataka kujua kilichopo chini ya ngalawa. Mita tano za juu zikiwa tope kwenye kioo, mashine inamsaidia nini? Niongeze kwa haki: hesabu hiyo ni ya kauri tupu hewani. Ikiingia majini na kugandishwa kwenye kichwa chenye mpira mgongoni, maji na mpira huinyonya na kuituliza hata ile ngumu. Lakini laini huanza mbele ya safari, na isitoshe inasikia mwangwi hafifu vizuri zaidi.

Mwenye kufukuzia nguru kwenye mkondo wa Pemba, ambako kina ni mamia ya mita, ana haja nyingine. Yeye anataka nguvu ya kupiga mbali, na tope la juu halimsumbui. Vichwa vya kazi hiyo huelekea kwenye kauri ngumu. Vichwa vya kupigia picha wajawazito hospitali navyo hutaka mlio mfupi kabisa, kwa hiyo huko laini ndiye bwana.

Karatasi ya muuzaji imeandika tan delta 0.004. Mbona kisinia changu kinachemka?

Kwa sababu karatasi ilipima kwa volti moja, pengine kwenye kilohezi moja, kigae kikiwa kimelala mezani. Kisinia chako hakiishi hivyo.

Tufanye hesabu. Kigae chenye kapasitansi ya nanofaradi 4, volti 100, kilohezi 40. Joto la upande wa umeme ni 2 mara pai, mara masafa, mara kapasitansi, mara volti kipeo cha pili, mara tan delta. Kwa 0.004 unapata wati 0.04, kitu cha kupuuza. Kwa 0.02 unapata wati 0.2. Sasa pandisha hadi volti 300. Volti imepanda mara tatu, joto limepanda mara tisa: wati 0.36 kwa ngumu, wati 1.8 kwa laini. Kigae cha ukubwa wa sarafu kinachotoa wati karibu mbili, kimegandishwa kwa gundi chini ya chuma, kitakuwa moto usioshikika.

Na hapo nimedanganya kidogo, nimeichukulia tan delta kuwa haibadiliki. Inabadilika. Volti ikipanda, mipaka inang'oka kutoka kwenye nanga zake na tan delta yenyewe hupanda. Joto likipanda nayo hupanda tena. Upotevu unazaa joto, joto linazaa upotevu, na kigae laini kinaweza kukimbia hivyo mpaka kife. Ngumu hukaa kimya hadi kiwango fulani, kisha nanga zinaanza kukatika nayo inafuata njia ileile. Kilichomo kwenye resonansi kinaongeza joto la kimakanika juu ya hilo la umeme, na mara nyingi hilo ndilo kubwa.

Wanaopima kauri za kazi nzito wana desturi ninayoipenda: huitetemesha mpaka sehemu yenye joto zaidi izidi joto la chumba kwa digrii 20, halafu huandika kasi ya mtetemo hapo. Hiyo ndiyo kasi ya mwisho. Muuzaji akiweza kukupa namba hiyo, mwamini kuliko yule mwenye tan delta nzuri peke yake.

Antiresonansi ni nini, na inahusiana vipi na joto?

Ukipima impidansi ya kauri, yaani jinsi inavyouzuia umeme, huku ukipandisha masafa, utakuta mahali inaporomoka chini kabisa. Hapo ndipo resonansi, umeme unaingia kwa wingi kwa volti ndogo. Mbele kidogo inapanda kileleni: antiresonansi, volti kubwa, umeme kidogo. Kwa mwendo, pande zote mbili kauri inatetema vizuri. Mafundi wengi wa zamani waliamini kuwa Q ni ileile kote kuwili, na saketi nyingi zimejengwa kukaa kwenye resonansi.

Kenji Uchino na wenzake, Penn State huko Marekani, walionyesha kuwa kwenye PZT Q ya antiresonansi ni kubwa kuliko ya resonansi. Maelezo yake yako kwenye ule upotevu wa tatu, wa piezo wenyewe, uliokuwa ukirukwa. Maana yake mezani ni hii: kwa mtetemo uleule, kauri inayoendeshwa kuelekea antiresonansi hupata joto pungufu, na mahali pazuri kabisa pa kuiendeshea huwa kati ya hizo mbili. Saketi yake ni ngumu zaidi kuitengeneza kwa sababu inataka volti za juu. Wanafunzi wangu wawili wameijaribu kwa kisinia cha kilohezi 40 na transfoma ya kusokota wenyewe. Transfoma iliungua mara mbili kabla ya kauri kupata hata uvuguvugu, sasa sijui niite ushindi.

Nawezaje kujua kigae nilichonacho ni kigumu au laini? Hakina maandishi.

Chukua mita ya LCR, ile inayopima kapasitansi na upotevu, iweke kilohezi 1, soma D. Ikiwa kati ya 0.002 na 0.005 hivi, ni kigumu. Ikiwa 0.015 hadi 0.02, ni laini. Ikiwa zaidi ya hapo, usiamini chochote kabla hujakisafisha.

Ukitaka uhakika tafuta Q: kishike ukingoni mahali pawili bila kukibana, pandisha masafa polepole, tafuta kilele cha mkondo, halafu tafuta masafa mawili ya pembeni ambako mkondo umeshuka hadi asilimia 71. Gawa masafa ya kilele kwa tofauti ya hayo mawili. Kigae cha kilohezi 50 chenye Q 1000 kina kilele chenye upana wa hezi 50 tu, kwa hiyo jenereta ya kuzungusha kwa kidole itakipita bila kukiona. Cha Q 65 kina karibu hezi 770, hakikimbiki.

Nimepima nikapata 0.031 leo, wiki iliyopita 0.018. Kimeharibika?

Tunaishi visiwani, na masika huzidisha. Hewa ya chumvi na unyevu huweka utando kwenye ukingo wa kigae kati ya fedha ya juu na ya chini, na umeme huvuja hapo. Mita haijui kutofautisha, inaandika yote kama upotevu wa kauri. Jasho la vidole linatosha kufanya hivyo. Futa ukingo kwa spiriti ya hospitali, kaushe kwa hewa ya uvuguvugu, usikiguse tena kwa mkono, pima. Mimi mwenyewe nimeona 0.031 ikishuka hadi 0.017 kwa pamba moja. Fedha ikiwa imeingia weusi haina neno sana, lakini ikiwa imebanduka, hicho kweli kimekwenda.

Nikilehemu waya kwenye kigae nakiharibu?

Unaweza. Kila kauri ina joto ambalo likifikiwa upande wa chanya na wa hasi hufutika. Kwa PZT-5H ni karibu digrii 193, PZT-8 300, PZT-4 328, PZT-5A 365. Desturi ni kutoivusha nusu ya hapo katika kazi za kila siku, yaani 5H isizidi digrii 95 hivi. Ncha ya chuma chako cha kulehemu ni 350. Kwa hiyo gusa na uondoke, sekunde moja au mbili, doa dogo, na tumia waya wa risasi wenye fedha kidogo ndani yake, la sivyo risasi iliyoyeyuka itainywa fedha ya kigae na utabaki na doa tupu.

Kigae kipya kina namba tofauti na kilichokaa kabatini mwaka mzima. Kwa nini?

Kinazeeka. Baada ya kupigwa umeme wa kwanza, mitaa huendelea kutulia kwa muda mrefu: mabadiliko ya siku ya 1 hadi ya 10 yanalingana na ya siku ya 10 hadi ya 100. Kapasitansi hushuka, Q hupanda. Kwenye ngumu, jozi zile za chuma na pengo bado zinajipanga, kwa hiyo upotevu wake hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Ndiyo maana vipimo huchukuliwa baada ya saa 24 na si papo hapo.

Mbona saa ya mkononi inatumia kwartzi na si PZT?

Kwartzi haina mitaa, kwa hiyo haina mipaka ya kukwaruzana. Q yake hufika makumi ya maelfu na zaidi, inalia hezi 32,768 bila kuyumba. Lakini mwitikio wake ni pikokulombi 2.3 kwa nyutoni. Kwa kuhesabu sekunde inatosha. Kusafishia meno haifai.

Kiberiti cha gesi nacho kina upotevu?

Kinao, lakini kinagongwa mara moja, kinatoa volti elfu kadhaa, basi. Hakuna muda wa kupata moto.

Na kile kifaa cha kufukuza mbu kwa sauti?

Kauri yake haipati moto, na mbu hawapati habari. Tundika chandarua.

Kuna risasi ndani. Nawaweka wanangu hatarini?

Kigae kizima kikiwa kimefungwa ndani ya kifaa hakina shida. Shida ni vumbi. Usikipige msasa mkavu, usikisage, na vipande vilivyovunjika vitie kwenye chupa yenye kifuniko, usivitupe uani kuku wanakodonoa. Umoja wa Ulaya umebana risasi kwenye vifaa vya umeme tangu 2006, ila kauri za piezo zimesamehewa kwa kukosa mbadala wa kutosha. Mbadala unaotafutwa sana ni kauri ya potasi, sodiamu na niobi, iliyopata msukumo mkubwa mwaka 2004 kutoka Japani. Nayo inatiwa viungo vyake, na kwenye mitetemo mikubwa baadhi yake hustahimili joto vizuri kuliko watu walivyotarajia. Sijaiona Darajani bado.

Zile pete zako zilizojipika, haziwezi kupigwa umeme upya?

Kinadharia zinaweza. Pete ya milimita 2 inataka volti 4,000 hadi 6,000 za moja kwa moja, ndani ya mafuta ya silikoni yenye digrii 100 hadi 120, kwa dakika kadhaa, halafu ipoe umeme ukiwa bado juu yake. Mafuta ya moto na volti elfu sita kwenye meza moja, chumba kimoja, na watoto wa jirani wanaingia kuomba chaja. Pete mpya nne niliziagiza, nikazingoja wiki tatu. Zile za zamani ziko kwenye chupa, huwaonyesha wanafunzi.